Kiatu Hakivaliwi Mdomoni

Babu yangu ni fundi viatu, na mafundi viatu wana imani yao ambayo hata imamu hawezi kuwatoa humo. Wanaamini mguu haukosi. Mteja akija na lengelenge, kiatu kimemchoma. Akija na sugu, kiatu kimembana. Akija anachechemea, soli imelalia upande. Mletee babu mtu aliyekatwa mguu na garimoshi hapo kwenye reli ya Gerezani, atakachouliza kwanza ni alikuwa amevaa nini.

Anafanyia kazi barazani mwa duka moja Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni, juu ya kigoda, amezungukwa na vipande vya tairi. Anashona katambuga. Ngozi imeadimika kama sukari, kwa hiyo nchi nzima inatembelea matairi: wakubwa yakiwa bado kwenye gari, sisi yakiwa yameshakatwa. Sentensi hiyo niliitoa darasani kwenye kipindi cha siasa, nikamalizia kipindi nje nimepiga magoti.

Namna yake ya kufanya kazi ni ya zamani. Analibana tairi chini kwa kisigino na vidole vya mguu wa kushoto, kisu kiko mkono wa kulia, anavuta kuelekea kifuani. Huo mguu wa kushoto ndio jiliwa lake, ndio msaidizi wake, ndio mkono wake wa tatu. Bila huo hakati tairi, na asipokata tairi ni mzee aliyekaa barazani kwa watu.

Naishi kwake Gerezani. Wazazi wangu wako Tabora, mimi nimeachwa Dar kwa ajili ya shule. Niko kidato cha tatu na walimu wanaomba Mungu nimalize haraka. Kwa kuwa ni mjukuu wa kike, babu ananiita mke wangu na bibi ananiita mke mwenzangu. Asiyejua utani wa babu na mjukuu akipita dirishani atadhani nyumba hii haina adabu. Adabu ipo, ila mimi ushuru wake sitozwi.

Kila Ijumaa kabla babu hajaenda msikitini, mimi ndiye ninayemwosha miguu na kumkata kucha, kwa sababu mgongo wake haukunjiki tena. Kazi hiyo nilipewa kama adhabu, baada ya gundi ya babu kuonekana ndani ya viatu vya baba mkubwa, na baba mkubwa akiwa ndani ya viatu hivyo.

Baba mkubwa ni mtoto wa kwanza wa babu. Ni karani katika shirika la umma. Anavaa suti ya Kaunda hata akija kula muhogo, ana kalamu tatu mfukoni, na sijamwona akiandika hata jina lake. Kila kitu anajua. Sabuni ikikosekana anajua imekwenda wapi. Mvua isiponyesha anajua imezuiwa na nani. Ukimuuliza swali hakujibu, anakuhutubia, na akimaliza anatazama huku na huku kama anayesubiri makofi.

Basi Ijumaa moja nimeinama, beseni mbele yangu, nikaona doa. Lilikuwa juu ya mguu wa kushoto, karibu na pale gidamu ya katambuga inapoingia kati ya vidole. Halikuwa jeusi wala jekundu. Lilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva ikaachwa juani. Nikalisugua kwa dodoki nikidhani ni dawa ya viatu. Halikutoka. Nikalibonyeza.

“Linauma, mume wangu?”

“Haliumi.”

“Linawasha?”

“Haliwashi. Gidamu hiyo, imenibana.”

“Gidamu gani inabana bila kuuma?”

“Mke wangu, wewe unajua kusoma. Mimi najua viatu. Kata kucha.”

Nikakata kucha. Jioni ile akaitoboa katambuga yake tundu jipya, akaihamisha gidamu pembeni. Kesi imekwisha, mshitakiwa amehamishwa kituo cha kazi, kama wanavyofanyiwa wale wakubwa wakiiba.

Doa halikusoma hukumu. Lilibaki palepale, likaita wenzake. Moja likatokea kwenye kifundo, mengine mawili unyayoni, na lile la kwanza likaanza kuinuka, likawa kinundu kigumu kama punje ya mbaazi chini ya ngozi. Bado halikuuma. Babu akahukumu tena: sasa kosa ni la soli, tairi la lori ni gumu mno. Akashona nyingine ya tairi la gari dogo. Vinundu vikaongezeka. Akasema tairi la gari dogo lina dawa mbaya kiwandani. Akatia kitambaa ndani. Ilikuwa mahakama kamili, na kiatu maskini hakikuwa na wakili.

Kisha mguu ukavimba.

Sasa, kwa wasiokaa pwani, niwaeleze jambo. Hapa kwetu mguu ukivimba hauulizwi jina. Jina lake ni matende, limeshaandikwa, umechelewa wewe tu kuzaliwa. Watu wamewaona wazee wenye matende tangu utotoni, mpaka macho yamezoea, na jicho lililozoea ni jicho bovu. Babu akipita Mtaa wa Msimbazi akivuta mguu, watu wanasema, “Pole na matende, mzee,” hata mwendo hawapunguzi. Muuza maji alisema matende. Muuza miswaki alisema matende. Mwanamke mmoja aliyekuja kushonesha kandambili, ambaye hajui hata kuvaa kanga vizuri, alisema matende na akaongeza kwamba shemeji yake alipona kwa maji ya bahari.

Baba mkubwa ndiye aliyelitia muhuri. Tulikuwa mkekani, ugali wa unga wa yanga katikati, unga ule wa manjano ambao baba mkubwa pekee ndiye anayeusifia. Akautazama mguu wa babake kutoka upande wa pili wa sinia. Hakusogea. Hakushika.

“Matende,” akasema. “Hayana dawa. Ni ugonjwa wa mazingira yetu. Mzee apumzike, auinue mguu juu ya mto, na tusipoteze muda wa wananchi hospitalini.”

“Baba mkubwa,” nikasema, “mimi naona huu mguu ni bepari.”

“Nini?”

“Si unaona? Mwili mzima unakonda, wenyewe unanenepa. Unanyonya damu ya viungo vingine. Tuupeleke kwa balozi wa nyumba kumi.”

Babu akacheka mpaka ugali ukamtoka mkononi. Bibi akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Baba mkubwa akanyanyua kidole.

“Mtoto huyu anacheza na siasa.”

“Anacheza na mumewe,” bibi akasema. “Kula.”

Mimi nilikuwa nacheka nao, lakini mguu ule nilikuwa nauosha mimi, si wao, na kitu fulani hakikuniingia akilini. Kwenye kona yetu kuna muuza kahawa mwenye matende tangu sijazaliwa. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikautazama mguu wake mbele na nyuma kama mtu anayenunua mbuzi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Unatafuta nini mguuni mwangu, mtoto wewe?”

“Rangi.”

“Rangi nenda dukani.”

“Dukani hakuna kitu, babu.”

Akacheka, akaniacha nitazame. Ngozi yake ilikuwa nene, ngumu, ina mikunjo mikubwa, mguu mzima umekuwa gogo kutoka goti kwenda chini. Nikamuuliza ulivyoanza. Akasema kwa homa na baridi, mtoki ukimvimba nyongani, homa inakwenda inarudi. Babu yangu hajapata homa. Na mguu wa muuza kahawa haukuwa na doa la zambarau hata moja, wala kinundu.

Nikarudi nyumbani na elimu yangu, nikamweleza baba mkubwa. Akanijibu kwamba yuko matende ya aina nyingi. Hivyo ndivyo alivyosema: yuko. Mtu anayetaka kutufundisha ugonjwa, lugha yenyewe anaibeba kichwa chini.

Lakini nilimchokoza kiasi kwamba akaamua kunyamazisha nyumba. Akampeleka babu zahanati, nami nikafuata kubeba mkoba. Nataka mjue jinsi mtu anavyopimwa mtaani kwetu. Mganga yuko nyuma ya meza. Baba mkubwa ndiye anayezungumza, “Ndugu Mganga, huyu ni mzazi wangu, anasumbuliwa na matende.” Mganga anaandika. Babu anaanza kuinama avue katambuga. “Basi, mzee, usijisumbue,” anasema mganga, “nimeuona.” Ameuona kwa kutumia nini, Mungu anajua, kwa sababu meza ilikuwa katikati na mguu ulikuwa chini yake.

Nikasema, “Ana madoa, daktari. Ya zambarau. Hayaumi, hayawashi, ukiyabonyeza hayapotei.”

Mganga akamwuliza baba mkubwa, “Huyu ni nani?”

“Mtoto wa mdogo wangu. Anasoma.”

“Aa,” akasema mganga, kama aliyeambiwa nina chawa. Akatoa vidonge vya matende. Babu akavimeza vyote kwa utiifu wa mwanajeshi, na vinundu vikavitazama vidonge vikipita, vikaendelea na kazi yao.

Bibi naye alikuwa na lake. Hakuamini kiatu, hakuamini matende. Aliamini babu amekanyaga kitu. Kwamba kuna fundi mwingine, mwenye wivu, aliyemwaga kombe la ubaya, maji yaliyosomewa, pale barazani, na babu akalikanyaga kwa mguu wa kushoto asubuhi akifungua kazi. Kwa hiyo kila alfajiri akawa anafukiza ubani na kunyunyiza maji ya waridi mpaka nyumba ikanuka kama harusi ya mtu asiyependwa. Jumlisha sasa: nyumba moja, mguu mmoja, vyama vitatu, ndani ya nchi ya chama kimoja. Wote watatu walikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinama akautazama.

Miezi ikapita hivyo. Kile kinundu cha kwanza kikachunika kilipogongwa na tairi, kikatoa damu, na damu ile haikukauka kama ya kidonda cha kawaida. Ilitoka kidogo, ikaacha, ikatoka tena kesho yake. Babu akawa hawezi kubana tairi sawasawa. Tairi linamponyoka, kisu kinakwenda pembeni, katambuga inatoka na ukingo kama umetafunwa. Wateja wakaanza kuzigeuza mkononi na kuzirudisha chini. Yeye akalaumu kisu. Akakinoa. Kila nilipopita nikitoka shule nilimkuta ananoa kisu, na tairi liko vilevile.

Siku niliyoona nilichokiona, nilikuwa nimepita pale barazani kumchekesha tu. Uso wake ulikuwa umenuna kama mlango wa duka la ushirika. Kwa hiyo nikamwigiza baba mkubwa akiwa kwenye foleni ya sukari. Nikajaza kalamu mfukoni mwa sare yangu, nikatoa tumbo, nikasema, “Ndugu wananchi, sukari ipo. Sukari ipo nyingi sana. Ila iko katika hatua ya kutokuwepo.” Kisha nikamwigiza anavyofika mbele ya dirisha akakuta wamefunga, anavyoligonga kwa kalamu kwa heshima, kalamu inaingia ndani haitoki.

Babu alicheka kicheko chake cha kweli, kile cha kutupa kichwa nyuma na kufumbua mdomo wote, meno yaliyobaki yakihesabika. Jua la alasiri lilikuwa linaingia barazani moja kwa moja. Likamwingia mdomoni. Na juu, kwenye kaakaa, nikaona baka. Zambarau ileile.

“Usifunge!”

“Nini?”

“Usifunge mdomo, mume wangu. Rudisha kichwa nyuma.”

Alidhani ni sehemu ya mzaha, akarudisha. Nikachungulia karibu mpaka mwenye duka akauliza kama namhesabia meno. Lilikuwa bapa, limeinuka kidogo ukingoni.

“Huku juu kuna nini?”

Akalipapasa kwa ulimi. “Nilidhani muhogo wa moto ulinichoma.”

“Lini?”

“Zamani kidogo.”

“Linauma?”

Akatikisa kichwa. Nikachuchumaa mbele yake, nikaweka kidole kwenye kinundu cha mguuni, nikanyoosha kingine kwenye mdomo wake.

“Rangi hii na rangi ile ni moja. Haya, fundi. Hapa chini gidamu imekubana. Hapa kando soli ni ngumu. Unyayoni tairi lina dawa ya kiwandani. Na huko juu je? Ulivaa katambuga mdomoni?”

Nilitegemea jibu. Babu hajawahi kushindwa utani na mimi, tangu najifunza kutembea. Safari hii ulimi ulipapasapapasa ndani ya shavu, macho yako kwenye kile kiatu alichokuwa anashona. Akakiweka chini. Akaweka na kisu. Alikuwa fundi asiye na kiatu cha kulaumu, na nikaona kwamba ameogopa, na mimi nikaogopa vibaya sana, kwa sababu mpaka dakika ile nilikuwa nashindana tu.

“Tusimwambie mwanangu,” akasema.

“Hatumwambii.”

Asubuhi tukamwambia bibi peke yake. Akamchungulia mdomoni, akasimama kidogo na kile chetezo cha ubani mkononi, kisha akakiweka chini na kufunga kanga. “Hakuna mtu anayekanyaga kwa mdomo,” akasema. Tukaenda watatu mpaka hospitali kubwa.

Foleni siwasimulii, mnazijua foleni. Mwishoni tukaingia kwa daktari mwanamke, mwembamba, sauti ndogo. Nilishajiandaa kumdharau, maneno yangu yalikuwa tayari yamepangwa. Akaniharibia. Alitoka nyuma ya meza, akavuta kibao, akakaa chini kuliko babu, akaushika mguu kwa mikono yake miwili. Akamvua na katambuga ya kulia, ambayo hakuna aliyemwomba aivue. Akageuza nyayo. Akatazama nyuma ya magoti, katikati ya vidole, akapapasa nyongani, akamulika mdomoni kwa tochi. Kwenye mguu wa kulia, ule mzima, ule tuliouamini, akatuonyesha madoa mawili madogo kando ya kisigino. Mimi ninayeosha miguu hiyo kila Ijumaa sikuwa nimeyaona.

“La kwanza lilitokea lini?” akauliza.

“Kabla ya Ramadhani iliyopita,” nikasema.

“Liliuma?”

“Halikuuma.”

“Ndiyo maana mkaliacha.”

Alilisema bila ubaya, akiandika. Nimeshachapwa fimbo nyingi shuleni, hakuna iliyokaa pale ilipokaa sentensi hiyo.

Babu wakati wote huo alikuwa anatazama viatu vya daktari. “Mwanangu,” akasema, “kisigino chako cha kulia kimekwisha. Kitakuumiza kiuno.” Daktari akacheka. Kisha akamchoma sindano ya ganzi, akakata kinyama kidogo kutoka kwenye kinundu, akakitia kwenye kichupa. Akasema tusubiri majibu, turudi siku aliyoandika. Akasema ana analolishuku, lakini halitaji mpaka kinyama kisomwe.

Siri haikai nyumba ya Kiswahili. Vyumba vinatazamana, ukumbi ni mmoja, mpangaji akikohoa sita wanamwambia pole. Baba mkubwa akaja jioni, kalamu zinatetemeka.

“Mmenivunjia heshima! Mzee anakatwa nyama mimi sina habari? Hamjui kwamba ugonjwa ukikatwa unaamka? Sasa mmeuamsha! Hamrudi huko. Nimesema.”

Na ubaya wake, babu alianza kumsikiliza. Ganzi ilikuwa imekwisha na kile kidonda kilikuwa kinauma, maumivu ya kwanza tangu mambo yaanze, na mtu akiumia baada ya kutibiwa humwamini yeyote aliyesema usitibiwe. “Labda kweli,” akasema babu. “Haukuwa unauma huu mguu.”

“Haukuwa unauma kwa sababu hauna haya!” nikasema. “Unataka uumie ndiyo uamini?”

“Nyamaza, wewe!” baba mkubwa akanigeukia. “Mtoto wa kike hasimamii maradhi ya mkubwa wake.”

Bibi alikuwa anachambua mchele, ule kidogo tulioupata. Hakuinua kichwa.

“Mume ni wangu,” akasema, “na ni wa huyu mke mwenzangu. Sisi wake zake wawili tumekubaliana atarudi. Wewe ni mtoto tu. Kama una njaa subiri, kama huna nenda kwako.”

Sijawahi kuona suti ya Kaunda ikinywea, nguo ngumu ile. Ilinywea.

Tukarudi. Daktari alikuwa na karatasi lakini hakutusomea, alituambia kwa mdomo. Si matende. Ni saratani, aina isiyo ya kawaida, inayoanzia kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ngozi. Ndiyo maana rangi ni ile, ni damu iliyojaa mahali isipotakiwa. Ndiyo maana ukibonyeza haipotei. Inapenda miguu ya wanaume watu wazima, inakwenda polepole, haiwashi, mara nyingi haiumi, inaziba njia za maji ya mwili mpaka mguu unavimba, na huko mwanzoni inaonekana kama alama ya kugongwa tu. Alama ya kugongwa hufifia, akasema. Hii haififii. Inaongezeka, inainuka, na ikitokea sehemu nyingine ya mwili isiyogongwa, msingoje.

Babu alikuwa na swali moja. “Mtaukata?”

Nilimtazama daktari mdomoni. Bibi alikuwa ameishika kanzu ya babu kwa nyuma kama mtu anayezuia mtoto asianguke kisimani.

“Hatuukati,” daktari akasema. “Nikikata mguu, la mdomoni litabaki. Hii inatafutwa kwa dawa inayopita kwenye damu, ifike kila ilipo. Utatundikiwa, upumzike, utundikiwe tena. Itakuchosha. Pengine haitaondoka yote. Lakini ungekuja mapema zaidi, mzee, kazi yangu ingekuwa ndogo.”

“Nilikuwa nashona kiatu,” babu akasema.

Dawa ilimchosha kweli. Alitapika hata maji. Mvi zake zikabaki kwenye mto, nikamwambia sasa nimeolewa na yai. Ndugu wakaja kumwona, wakaleta machungwa na kuyala wenyewe. Mmoja alinywa maji kwetu kwa kikombe chake alichokuja nacho mfukoni, akiogopa kansa itamrukia kutoka kwenye bilauri. Na baba mkubwa? Nilimsikia barazani kwa masikio yangu, akiwaeleza wageni: “Mimi nilishuku tangu mwanzo. Ile rangi. Nikawaambia hii si matende hii.” Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kuna watu wana saratani ya aibu, imeshaila yote, na wala haiwaumi.

Lakini vinundu vikalala. Kwanza lile baka la mdomoni likafifia, halafu vya nyayoni vikawa bapa, vikaacha makovu meusi tu. Uvimbe ukashuka kiasi, si wote. Kifundo hakijarudi kuonekana, na daktari anasema huenda kisionekane tena. Babu amerudi barazani. Analibana tairi kwa mguu uleule, polepole, anapumzika katikati, na ukingo unanyooka. Daktari ametuambia inaweza kurudi, na ikirudi, sisi wa nyumbani ndio tutakaoiona kabla yake, tukiwa na macho.

Ijumaa iliyopita niliona kidoa kipya. Kwenye kisigino cha kulia, kidogo kama punje ya mtama, zambarau. Mzaha ulinijia mdomoni, nikaumeza. Nikamgeuzia babu unyayo kwenye mwanga, nikaweka kidole. Akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akakitazama muda mrefu.

Baba mkubwa alikuwa amekaa mkekani anangoja chakula. Akanyoosha shingo kutoka kulekule alikokaa. “Hicho ni kiatu tu hicho,” akasema. “Kimemsugua.”

“Nyamaza, mwanangu,” babu akasema. “Wewe hujatazama.” Kisha akanigeukia mimi. “Jumatatu usiende shule, mke wangu. Tutaondoka alfajiri.”